Vidonge vya Nyangi na Maneno ya Baba Yake

Kiabakari,
11 Februari 2023

Mama yangu Nyangi,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwa jina la mama yangu mzazi, ambalo nilikubebesha siku ya ubatizo wako, na ndiyo maana sijawahi kukuita binti. Hapa nyumbani tu wazima. Ng'ombe yule mweusi amezaa ndama jike. Mahindi yamesimama, ila mchana yananyong'onyea kwa jua. Mdogo wako Edwin yuko Mwanza bado, anasema kazi ipo.

Nimekupigia simu haipokelewi. Ikipokelewa ni mumeo Mhoja, na Mhoja anajuaga salamu tu, ukimuuliza zaidi anasema mtandao unasumbua. Nimempa Bonifasi barua hii maana anakujaga Bunda na gari la saruji.

Sasa nifike kwenye jambo. Juzi Mhoja ulimi ulimteleza. Kumbe tangu shule zifunguliwe hujaingia darasani kufundisha. Kumbe unakwenda hospitali Musoma na umepewa vidonge vya sonona. Neno hilo nilikuwaga nalisikia redioni, nikidhani ni ugonjwa wa watu wa Dar es Salaam.

Mama, nini kimetokea? Mumeo amekupiga? Mkuu wa shule amekuonea? Lazima kuna kitu. Njoo nyumbani tukae tuongee. Unajua kazi yangu ya ukatekista ni nini: nusu ni kufundisha dini, nusu ni kukaa na watu. Nimekaa na wajane. Nimekaa na wachimbaji wa Buhemba waliofukiwa na kifusi wakatolewa hai wasiweze kutamka hata jina lao, na wakaongea. Kidonge hakiwezi kukuuliza umeamkaje.

Hapa watu bado wanazungumzia wasichana wako waliokimbia wakaipa Mara kikombe. Nikipita sokoni naitwa "baba wa kocha". Mtu kama wewe hawezi kuwa mgonjwa wa akili. Njoo.

Baba yako,
Wenceslaus Mugeta


Bunda,
2 Aprili 2023

Baba yangu mpendwa,

Milele na milele, amina. Shikamoo. Gloria mjukuu wako ameota meno mapya ya mbele, makubwa kuliko mdomo wake, na anauliza ndama ameitwa nani. Mhoja anakusalimu. Hajanipiga, wala hatanipiga. Ni yeye anayenifunga kamba za viatu siku nikishindwa.

Barua yako niliipokea siku ileile Bonifasi aliyoileta. Kuchelewa kwangu si dharau. Nilikuwa naiangalia pale mezani naona kuijibu ni kazi kubwa kama kubeba gunia kutoka hapa mpaka Musoma.

Unauliza nini kimetokea. Baba, hakuna kilichotokea, na hilo ndilo gumu kukueleza. Ilianza siku ya kikombe. Tulipokelewa kwa ngoma, wasichana wakanibeba juu, nami kule juu nikawa naona watu wanacheza na ndani yangu hakuna kitu. Nikadhani ni uchovu. Uchovu haukuisha. Chakula kikapoteza ladha, hata sato wa kuchoma. Uwanjani nikawa nabonyeza saa ya kupimia mbio, msichana anamaliza, sikumbuki nilikuwa nampima nani. Asubuhi moja Mhoja alinikuta nimekaa kitandani nimevaa kiatu kimoja. Akaenda kazini. Aliporudi mchana nilikuwa vilevile, na kiatu kilekile kimoja.

Daktari wa Musoma ni kijana mpole. Aliniuliza maswali mengi, na moja sitaliandika hapa. Nilimjibu ukweli. Kwa sababu ya jibu lile hakukubali niondoke bila dawa, na Mhoja aliambiwa asiniache peke yangu.

Alisema kuna njia mbili, dawa na mazungumzo na mtaalamu, na kwamba zinakwenda vizuri pamoja. Dawa nilikubali, mazungumzo nilikataa. Mimi ni mwanao lakini sina maneno yako. Nikamwongelee mtu nisiyemjua kuhusu kitu kisicho na sababu?

Wiki za mwanzo nilijuta. Kinywa kikavu, kichefuchefu, usingizi hakuna. Daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba usumbufu wa dawa unatangulia na faida yake inachelewa, nivumilie. Kweli ilichelewa. Lakini wiki iliyopita nilipika ugali mwenyewe, na Gloria alipomwaga mchuzi nikamkaripia. Akakimbia kwa baba yake anacheka, "Mama amenikaripia! Mama amenikaripia!"

Usinionee aibu, baba. Sijaanguka, nimeugua. Ila kanisani usimwambie mtu.

Daktari anauliza pia kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua hivi. Nakumbuka tukiwa wadogo mama alilala muda mrefu chumba cha nyuma, ukatuambia ni malaria. Ilikuwa malaria, baba?

Mwanao,
Nyangi


Kiabakari,
20 Aprili 2023

Mama yangu Nyangi,

Nimepokea barua na nimemshukuru Mungu kwa ugali na kwa makaripio. Ndama ameitwa Masika kwa sababu mvua imekuja kweli. Mwambie Gloria. Bati la kanisa letu la kigango lilipeperushwa na upepo, tukalikimbiza mpaka shambani kwa watu. Vijana wamelirudisha wakalipigilia misumari, sasa tunasali bila kulowa.

Kuhusu mama yako Eufrasia, Mungu amlaze pema. Tuongee ya walio hai.

Unasema hakuna kilichotokea. Sikubali. Nimesikiliza watu wengi, na kila aliyesema "hakuna" alikuwa nacho. Na hiyo dawa ya kila siku mpaka lini? Mwaka? Mpaka uzee? Ukishazoea, utajuaje kama anayecheka ni wewe au ni kidonge? Ukoo wa Mugeta haujawahi kumeza vidonge vya kichwa, na tumepita katika njaa na misiba. Wewe ulikimbia pekupeku kwenda shule ukawa wa kwanza darasani. Sasa umeshapata nafuu, ugali unapika. Ziache uone. Nguvu unayo, mimi naijua, nimeilea.

Nakusubiri. Kiti chako kipo.

Baba yako


Kiabakari,
28 Mei 2023

Mama,

Salamu nyingi. Bonifasi anasema alibisha hodi, barua ikapokelewa dirishani na Mhoja, mlango haukufunguliwa.

Kama nimekuudhi, niandikie hata matusi, nitayasoma.

Baba yako


Kiabakari,
3 Julai 2023

Mama yangu Nyangi,

Nimefika nyumbani salama. Masika ndama alinikimbilia kama mbwa. Sijui katika siku zile nilizokaa kwako unakumbuka nini, kwa hiyo naandika nilichokiona, ujue.

Mhoja alinipigia mwenyewe. Akasema, "Baba, Nyangi ameacha dawa. Anasema ni wewe umemwambia." Nilisubiri anilaumu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Baba, njoo."

Nilikukuta umelala umegeukia ukuta. Nikavuta kigoda nikaanza kazi ninayoijua. Nilikusimulia habari za nyumbani, za bati lililoruka, za ng'ombe. Nilisali. Niliimba ile ya Mama Maria uliyokuwa unaipenda. Nilikutajia wasichana wako mmoja mmoja. Ukageuka ukawa unaniangalia, Nyangi, kama mtu aliye ng'ambo ya ziwa anayeona mdomo wangu unacheza lakini sauti haimfikii. Kesho yake nikaendelea, na keshokutwa. Maisha yangu yote nimeongea na watu na sijawahi kuona neno langu likidondoka hivyo, hata halimfikii mtu aliye karibu ya mkono wangu.

Gloria ndiye alinisimamisha. Alikuja akanishika goti. "Babu," akasema, "mama hakusikii. Akimezaga dawa anasikiaga."

Mtoto wa miaka saba.

Tukakupeleka Musoma mimi na Mhoja. Nilimwambia daktari, "Mimi ndiye nimemwachisha." Nilidhani atanifukuza. Akanipa kiti. Alinieleza bila kunidharau. Alisema wapo wanaopona kwa mazungumzo peke yake, hasa ugonjwa ukiwa mwepesi. Wapo ambao dawa lazima iwanyanyue kwanza ndipo waweze hata kuongea. Na ukiwa mzito kama wako, mara nyingi vyote viwili pamoja ndivyo vinavyosaidia zaidi. Nikamuuliza kama dawa itakutawala. Akasema si dawa za ulevi, ila mwili unazizoea, kwa hiyo haziachwi ghafla, zinapunguzwa pole pole yeye akisimamia. Halafu akaniuliza lile swali lake: kuna mtu katika ukoo?

Mhoja aliniangalia. Nikasema nitamjibu mwanangu kwanza.

Haikuwa malaria.

Edwin alikuwa ana miezi michache. Mama yako aliacha kuamka. Mtoto akilia anamwangalia tu. Watu walisema amerogwa, wengine walisema mvivu, mwanamke wa ziwani hawezi maisha ya ng'ombe. Hospitali walimpima wakasema damu ni safi, rudini nyumbani. Nami sikujua la kufanya, nikawa nakaa naye tu. Kila asubuhi kabla ya shamba nilimchana nywele nikamuuliza habari za kwao ziwani, maana habari za hapa zilimuumiza. Hakujibu. Nikaanza kumtajia samaki kwa makosa ya makusudi, mtu wa bara nisiyejua kitu. Nikasema sangara ni dagaa aliyekua. Wiki nyingi nikasema upuuzi wa namna hiyo. Siku moja nilikuwa nimeshika kitana, nikasema yule samaki anayepanda mtoni wakati wa mvua anaitwa furu. Akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtu aliyeamka, "Huyo ni ningu, Wenceslaus."

Nikatoka nje nikalia nyuma ya zizi.

Ilichukua zaidi ya mwaka. Lakini aliinuka, Nyangi. Yule mama yako unayemkumbuka, yule aliyekuwa anapeleka dagaa mpaka Buhemba na kubishana bei na wachimbaji mpaka wanacheka, ndiye huyohuyo. Aliniapisha: "Usiwaambie watoto wala ndugu zako kwamba kuna siku nilishindwa kuamka." Nikaapa. Malaria lilikuwa neno lake, si langu.

Jana nilikwenda kaburini kwake nikamweleza kwamba kiapo nakivunja, na kwa sababu gani. Naamini ameelewa. Alikupenda.

Sasa unajua kwa nini nilishikilia maneno. Nilimwinua mke wangu kwa mdomo huu na nilikuwa najivunia moyoni bila kumwambia mtu. Na bado najivunia. Sikujua tu kwamba dawa iliyomtosha yeye haitakutosha wewe.

Meza vidonge vyako, mama. Meza kwa maji mengi.

Baba yako,
Wenceslaus


Bunda,
19 Novemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Mhoja mzima, Gloria mzima, ameshika namba tano darasani na anadai ni kwa sababu wanne wa mbele walimwangalizia. Majirani wanaandaa mashamba ya pamba, na kando ya barabara bado kuna nyuzi nyeupe za mavuno yaliyopita. Nimerudi kazini, asubuhi tu kwa sasa. Mkuu wa shule amekubali mpaka Januari.

Barua yako ya Julai nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote maishani mwangu. Mwanzoni nilikasirika. Miaka yote nilijiona mtoto mbovu wa mama mwenye nguvu. Halafu hasira ikaisha nikabaki na kitu kingine: kwamba mama alilala kama mimi, na aliamka. Nilimwambia daktari. Aliandika, akainua kichwa, akasema, "Sasa utakubali kuongea?" Nikasema ndiyo.

Mtaalamu ni dada mmoja anaitwa Dorkas, anakaa Kigera, ofisi yake iko palepale hospitali. Ninakwenda kila wiki. Nilidhani atanipa mawaidha. Baba, usinikasirikie, lakini hafanyi kama wewe. Wewe unaongea vizuri sana, ila unaongea wewe. Yeye anauliza, halafu ananyamaza mpaka mimi naona aibu ya ule ukimya, naanza kusema. Siku ya kwanza nilimwambia sina la kusema, na nikalisema hilo kwa nusu saa nzima!

Kulikuwa na kitu, baba. Hapo ulikuwa na haki, nakupa. Si tukio, ni wazo nililokuwa nalo tangu zile mbio za pekupeku: kwamba nikiwa wa kwanza ndiyo mimi ni mtu, na siku nisipokuwa wa kwanza nitaonekana kwamba si kitu. Basi kila kikombe kilikuwa kinanitisha, maana lazima kije kingine. Dorkas ananifanyisha kazi. Wazo baya likija ananiambia nilihoji kama mwanafunzi mtoro: umetoka wapi, nani shahidi wako? Na kila siku lazima nitoke nitembee mpaka barabarani, nimsalimie mtu mmoja, nitake nisitake. Inaonekana kazi ndogo. Siku nyingine ilinitoa jasho kuliko mlima.

Na dawa bado nameza. Tulibadilisha kipimo mara moja, kinywa hakikauki tena. Unataka nikuambie ipi imenisaidia zaidi, nakujua. Siwezi kuzitenganisha. Bila dawa nisingeweza kukaa kwenye kiti cha Dorkas. Lakini nilikunywa dawa peke yake tangu Januari mpaka Mei, nikaweza kupika na kukaripia, na bado nilikuwa naogopa kupita karibu na uwanja. Kuhusu uwanja, ni kuongea ndiko kumenisaidia. Daktari anasema nikikaa vizuri muda wa kutosha ataanza kupunguza dozi. Sina haraka.

Si kwa kila mtu ni hivi. Mwalimu mwenzangu Yunis, wa hesabu, alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba naye ilimpata alipofiwa. Yeye hakumeza kitu, aliongea na Dorkas miezi kadhaa akakaa sawa. Mimi nikamwonyesha vidonge vyangu kwenye mkoba. Tukaangaliana tukacheka kama wasichana waliokutana wamevaa gauni la aina moja.

Jumatatu nilishuka uwanjani. Sikumwambia mtu. Wasichana walikuwa wanapasha misuli hovyo, mabega juu. Nikapiga kelele, "Nani amewafundisha kukimbia mmekunja ngumi?" Wote wakasimama. Halafu mmoja akasema, "Ni wewe, mwalimu, ulituacha." Nikasema, "Niliugua. Sasa fungueni mikono, mzunguko mmoja, taratibu." Walikimbia, na mimi nilisikia kitu, baba. Kidogo. Kikombe hakikuwepo wala ngoma, na nilisikia.

Mama alikuapisha, nami simlaumu; zama zake zilikuwa ngumu. Lakini mimi sikuapishi. Lile neno langu la kanisani nalifuta. Ukiulizwa nilikuwa wapi mwaka huu, usiseme malaria.

Mwanao anayekuheshimu,
Nyangi


Kiabakari,
10 Februari 2024

Mama yangu Nyangi,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima. Mahindi mwaka huu yananizidi kimo. Mwambie Gloria kwamba namba tano ni nzuri, na kwamba wale wanne nitawaombea.

Barua yako sikuijibu mapema kwa sababu nilitaka nikujibu na jambo mkononi. Sasa ninalo.

Kuna kijana mchimbaji wa Buhemba anaitwa Clever. Mke wake Ghati alinifuata baada ya ibada, akasema mumewe haendi shimoni tena, haendi popote, anasema watoto wake wataishi vizuri zaidi bila yeye. Hapo nilikumbuka lile swali ambalo hukuliandika. Sikuliuliza kwako, sasa nalielewa. Nikachukua fimbo yangu nikaenda siku hiyohiyo.

Kwa sasa Clever anakwenda Musoma. Daktari alimpima muda mrefu, akasema kwake wataanza na mazungumzo, dawa zisubiri, wataona. Nilishangaa, nikataka kubisha, mimi ambaye sasa ni mtetezi wa vidonge! Nikanyamaza. Wiki ya kwanza nilikwenda naye, wiki hii amekwenda mwenyewe, na Ghati anasema jana alirekebisha mlango wa jiko bila kuombwa. Dorkas wako anakusalimu. Nilikaa mbele yake kidogo nikisubiri. Akaniuliza, "Na wewe mzee, u hali gani?" kisha akanyamaza kile kimya chake. Nilimsimulia habari za ningu. Mwanamke hatari huyo.

Lakini nilitaka nikusimulie jinsi Clever alivyokubali kupanda gari, maana nusura asikubali. Nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba, macho chini. Nilivuta jiwe nikakaa. Safari hii sikuhubiri. Nilimuuliza, nikanyamaza, kama ulivyoandika, na ilikuwa ngumu, mdomo uliniwasha. Mwishowe akasema, "Baba katekista, najua umekuja kunipeleka kwa madaktari wa vichaa. Mimi si kichaa. Wanaume wa hapa watasema nini?"

Nikamwambia, "Binti yangu anatibiwa hukohuko. Anameza vidonge kila siku na kila wiki anakwenda kuongea. Mama yake naye aliugua ugonjwa huu, nikamuuguza mimi."

Ghati alikuwa anafagia. Ufagio ukasimama. Majirani wawili waliokuwa ng'ambo ya uzio wa minyaa wakatega masikio, na mimi sikupunguza sauti.

Clever akainua macho kwa mara ya kwanza. "Binti yako yupi?"

"Nyangi."

"Yule kocha wa Bunda? Yule anayekimbizana na mabinti barabarani asubuhi, mpaka magari yanawapisha?"

"Huyohuyo," nikasema. "Wangu."

Baba yako,
Wenceslaus Mugeta